Mji Mdogo na Mahali pa Kumzika Mama

Mpendwa mdogo wangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mji ni taa, lami na ghorofa la mtu aliyetajirika kwa samaki. Sivyo. Mji ni tangazo katika Gazeti la Serikali. Kabla ya tangazo, hata ujenge ghorofa kumi, uko kijijini. Baada ya tangazo, hata ukilala chumba kimoja na mbuzi wako, uko mjini, na mbuzi ndiye mwenye kesi. Nimelifundisha somo hili mpaka nikastaafu. Wewe hukuhitaji darasa langu, maana ulifundishwa na baba.

Unakumbuka tulipokwenda na baba kumswaga fahali hadi Mwanza kumuuza? Enzi za Mwingereza mji ulikuwa na mpaka wa mawe, na ng'ombe hakuruhusiwa kuuvuka bila kibali. Askari akatusimamisha kwenye jiwe. Baba akamuuliza kwa upole, "Ng'ombe atajuaje kwamba hapa ndipo mjini?" Askari hakucheka. Tulikaa pale na fahali wetu mpaka mnunuzi alipotufuata, nawe ukalia kwa sababu uliahidiwa andazi la mjini.

Tangu siku hiyo Mwanza imepanda: mji, kisha manispaa, kisha jiji. Majabali hayakusogea hata shubiri, wala sangara hawakuongezeka uzito.

Lakini wewe, ukiwa mwenyekiti wa kijiji chetu, hapo mbele kidogo ya Usagara, ulisimama kwenye mkutano mkuu wa mwisho, umevaa koti kwenye jua la saa nane, ukasema tumechoka kuonekana washamba wakati watu wa Kiseke wanaitwa wana wa jiji, basi tuombe kijiji kiwe mji mdogo. Niliomba nafasi nikaeleza. Nilisema kwamba kijijini bibi yeyote anaweza kusimama mkutanoni akamkatalia mwenyekiti ardhi. Kikishakuwa mji mdogo, mkutano huo unakufa, vinabaki vitongoji, na ardhi inapangwa ofisini. Kisha zitakuja sheria ndogo za mifugo, za kujenga, za kuzika. Uliwageukia watu ukasema, "Mwalimu mumsamehe, anadhani bado tuko darasani." Wakacheka, wakakupigia makofi. Sijapata kuona watu wazima wakitoa sauti yao ili wapewe kibao, na wakashukuru.

Kibao kipo. "Karibu Mjini." Mbuzi wanajikunia hapo. Maji bado tunachota kule kule, na wale waliocheka siku ile sasa wanakuja kwangu na karatasi wasizozielewa, niwasomee. Nawasomea. Sijawahi kuwacheka, ingawa wanastahili.

Nikuambie sasa kwa nini nakuandikia, tena hadharani. Tangu uhamie Dar kwa mwanao nimekuandikia barua tatu za faragha, na hukujibu hata moja.

Mwezi uliopita alifariki yule mjane jirani yetu, aliyekuwa akitugawia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Wanawe walikwisha kuchimba kaburi uani. Wakaja vijana wawili wa mji mdogo na barua, wakasema uani hapazikwi tena, makaburi ya umma yapo nyuma ya soko. Mjane akapelekwa huko, na wazee wakazika mgomba katika lile shimo, maana kwetu kaburi halifukiwi tupu.

Mama alitazama yote akiwa kwenye kigoda chake. Nilidhani ataogopa. Akaniambia, "Mimi mdogo wako alishaniahidi. Nitalala na baba yenu." Halafu akaenda kuumwagilia mnyaa alioupanda kando ya kaburi la baba, mlangoni pa zizi, kuonyesha mahali pake. Amevuka miaka tisini, na anaamini neno la mwanawe kuliko barua ya ofisi.

Ningeweza kumweleza mimi. Kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Lakini mimi sikumwahidi kitu. Akijua mapema, anaweza kuchagua mwenyewe: kukubali makaburi ya umma, au kwenda kwa wajomba upande wa Kamanga, ambako bado ni kijiji, akawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe mahali anapotaka. Akichelewa kujua, tutamchagulia sisi, huku tunabishana na vijana wenye barua na jeneza liko uani.

Kupumbazwa na cheo nakusamehe. Nchi hii ina wengi wa namna hiyo, na baadhi yao ni madiwani. Ninachodharau ni huu ukimya wako. Mtu aliyekuwa na maneno mengi vile mbele ya kijiji kizima anakosaje matano kwa mama yake?

Wasalimie wajukuu zangu wa huko. Ukija, kitanda chako kipo.

Leo, mpigie Mama simu umwambie wewe mwenyewe.

Kaka yako