Sufuria Kifudifudi Katoro

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini kuanza kuongea nawe bila shikamoo ningeogopa hata leo, na huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Mama, tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka.

Unakumbuka nilipojifungua Kulwa na Doto? Uliwatazama wote wawili, ukanitazama nilivyokonda, ukasema, "Hayo maziwa ni ya mmoja." Ukabandika sufuria yako ndogo iliyokatika mkono, ukawapikia uji wa mtama. Walikuwa hawajafikisha hata miezi miwili. Doto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, tukakimbia naye zahanati. Nesi akauliza nani alimpa uji. Wewe ukajibu, "Ni mimi." Mama mkwe gani husema hivyo mbele ya mkamwana wake? Doto alipopona, uliigeuza ile sufuria kifudifudi karibu na mafiga. "Italala mpaka miezi sita itimie," ukasema. Nikanyonyesha wawili, na maziwa yakatosha. Siku ile ndiyo nilianza kukupenda, kabla ya hapo nilikuwa nakuogopa tu.

Miaka ikapita, nikachaguliwa kuwa mhudumu wa afya hapa mtaani, nikaandaa siku yangu ya kwanza ya kuhamasisha unyonyeshaji. Turubai, spika, soda, vyote vilikuwepo. Wakaja akina mama vijana wachache, wakaitikia kila nilichosema, na majumbani uji ukaendelea kama kawaida. Wewe ulikuwa kitandani huwezi hata kukaa, ila ulimi mzima. Ukaniambia, "Umewaita wasio na sufuria." Maana binti anaondoka asubuhi kwenda karasha, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na anayebaki na mtoto na moto ni bibi. Na mimi sikuwa nimemwalika bibi hata mmoja. Nilikasirika, mama, kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Hukusubiri uone ya pili. Nimeifanya Jumamosi iliyopita. Safari hii nilipita nyumba kwa nyumba nikialika bibi tu, kila mmoja aje na sufuria anayompikia mjukuu. Walifurika. Na mimi sasa ni mwenzao, Kulwa amezaa binti, Kabula, na mchana kutwa yuko karasha. Sikufichi, mwezi uliopita Kabula alilia mpaka nikashika kiberiti nimpikie uji, kisha nikakirudisha.

Basi nikiwa katikati ya maneno, jirani yetu Bibi Nkwimba akasimama. "Mtoto analia, mama yake yuko kwenye mawe. Nimpe nini, hayo maneno yako?"

Watu wakacheka. Nikajua nisipomjibu huyu, wote wanarudi na sufuria zao jikoni. Nikatoa kikombe chenye kifuniko, ndani yake maziwa aliyoyakamua Kulwa asubuhi ile baada ya kunawa kwa sabuni. Nikamweka Kabula mapajani, nikamnywesha taratibu mbele yao. Akamaliza, akacheua, akalala zake. Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo nikatoa sufuria yako, ile ile ya mkono mmoja, nikailaza kifudifudi chini. Bibi Nkwimba akasogea mbele. Kisha akainama, akalaza yake pembeni ya yako. "Ila hicho kikombe utanifundisha," akasema.

Baada yake sikuweza tena kuwapanga wenzake, kila mmoja akitaka kulaza yake. Uwanja ulijaa vitako vyeusi vya sufuria, nami nikalia spika ikiwa wazi, Katoro nzima ikanisikia. Wala sioni aibu. Ningekupa macho yangu dakika moja tu uone, mama.

Jumapili hii Kabula anatimiza miezi sita. Nitaiinua sufuria yako, niisugue kwa majivu, nimpikie uji wake wa kwanza. Nitamwambia umepika wewe.

Wabeja, asante sana, mama. Pumzika.

Mkamwana wako,
Mama Kulwa