Aspirateur ya Kuonyesha Vumbi

Siku ya yenga, mwezi wa munane

Eti bila mufuko ndiyo ya kisasa! Tangu mwezi muzima najiuliza aspirateur gani, ile mashini ya kuvuta vumbi, nikamate, ya mufuko ao ya bila mufuko. Leo kisha misa, Solange, dada ya bwana yangu, alileta yake ya bila mufuko hapa kwetu Makomeno ili anifundishe. Sikumulomba.

Aliipitisha mu salon dakika mbili tu, mbele ya mama mukwe. Kisha alinyanyua kopo yake ya plastiki ya kuweka vumbi, yenye inaonekana ndani kama kilauri, sawa vile padri ananyanyuaka kalisi. Ilikuwa imejaa.

« Mama, angalia vumbi yenye mujukuu yako anavutaka! »

Nilisikia haya mpaka ku masikio. Mutoto yangu anakoholaka, na mama mukwe anasemaka ni juu ya uchafu yangu.

Mama mukwe alivaa lunettes ya macho, aliangalia mingi.

« Solange, hii manyoya ya imbwa inatoka wapi? »

Sisi hatuna imbwa. Solange eko na mbili.

Professeur ya usafi, hakumwanga hata kopo mbele ya kutoka kwake! Alienda bila kumaliza chai.

Basi, nitakamata ya mufuko. Kwangu pia vumbi iko, sikatai. Lakini mufuko inanyamazaka.