Baiskeli Isiyopakia Mtu

Malindi, Jumapili

Kaka Ubaid,

Nakuamkia. Huku sote wazima, na mvua imelaza vumbi. Habari kubwa ya mji ni baiskeli. Duka la karibu na soko limeleta za aina mpya, zile za kurukia kuta na ngazi: nyepesi, zenye breki kali, na kiti hazina kabisa. Vijana wamejaa pale.

Jana nilipita hapo na mwanao Rufaida. Zipporah, muuza mahamri, alishika moja akasikitika. "Masikini, haina kiti wala keria! Utampakia nani?"

"Haipakii mtu, mama. Inapanda ukuta," Rufaida akamjibu.

"Mwongo wewe! Haya, ipande nione."

Mwenye duka akamsogezea ya buluu. Rufaida akanitazama. Tangu alipovunjika mkono mwaka jana nawe ukampiga marufuku, hajagusa baiskeli, na ukipiga simu anakujibu "naam" na "la" tu. Nikamwambia, "Panda."

Alisimama kwa gurudumu la nyuma, akaruka hadi juu ya baraza ya duka, akageuka palepale, akashuka bila mguu kugusa chini. Zipporah akapiga vigelegele. "Hiyo si baiskeli, ni mbuzi!" Rufaida alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ajali.

Kaka, mruhusu. Akianguka nitakuandikia siku hiyohiyo, wala sitapunguza neno.

Dadako,
Tumu