Kengele za Sauti Moja

Baba,

Shikamoo. Nimesubiri marahaba yako kama mjinga, halafu nikakumbuka. Naogopa, baba. Mama nikimwambia hatalala, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Tangu tukuzike, mnada wa Katesh umejaa kengele za ng'ombe za bati kutoka nje, zimemwagwa chini pamoja na sufuria. Wateja wako wakabaki wazee wachache. Ndipo akaja tajiri wa Babati. Mji umenenepa tangu ufanywe makao makuu ya mkoa, naye kanenepa nao. Akasema, "Kijana, fua kengele nyingi za aina moja, kila mtu anunue. Acha kubembeleza ng'ombe mmoja mmoja." Akanishushia chuma chakavu mlangoni. Nikakubali. Watoto walikuwa wanakunywa uji asubuhi na uji jioni.

Wewe mfugaji akifika ulikuwa humpi hata kigoda kabla hujamuuliza, "Mnanywesha wapi? Na nani?" Ukishawajua wanaonywesha naye, ndipo unagonga, unasikiliza, unagonga tena, mpaka kengele yake isifanane na ya mwenzake. Mimi nilikuwa nacheka pembeni. Nilidhani unafukuza wateja.

Sikumuuliza mtu, baba. Niliuza tu. Jumamosi mifugo ya mzee Gidabaru na ya jirani yake ilikutana lamboni, kengele zikalia sauti moja, na ng'ombe wakachanganyikana, wakifuata kengele ya kundi lisilo lao. Giza likaingia hawajamaliza kuwatenganisha. Fisi wakala ndama. Vijana walishika fimbo, wazee wakawazuia kwa shida. Kesho wanakuja kwangu wote wawili, na tajiri naye anakuja kuchukua mzigo wake.

Fimbo naziogopa, lakini naogopa zaidi huo uji nao kuisha. Wafugaji wakiniacha sina mtu, tajiri akiniacha sina chuma.

Hata hivyo nimeamua. Tajiri atabeba chuma chake. Wazee nitawaomba radhi, niwafulie upya bila malipo, kila mmoja yake, hata kama wateja watakaobaki duniani ni hao wawili.

Mke wangu amenifungia nguo kwenye mfuko. Anasema nipite njia ya Masieda kabla hakujakucha, nijifiche kwa wajomba. Niliutundika begani, baba, nikafika nao hadi getini. Sasa nimeurudisha ndani.

Pumzika salama. Nakuahidi, kesho watanikuta.

Mwanao