Doa Kwenye Boneti

Jumatatu, 3 Machi

Gari limekauka na doa. Gari nililoliosha mimi, kwa mikono hii!

Niandike kwa mpango. Mwalimu alisema andika kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Basi. Leo asubuhi nimeosha gari la mwanangu kama ninavyoliosha siku zote. Ni jeusi, refu, anabebea maharusi. Ndilo linalotulisha. Na gari jeusi halina siri — tone moja likikauka juu yake linaacha duara jeupe, na wageni wote wanaliona kabla hawajamwona bibi harusi.

Kule kwenye vituo vya kuoshea hawajui kitu. Wanamwaga maji, wanapiga soga, jua linakausha, gari linatoka kama limeugua tetekuwanga. Mimi naosha kabla jua halijavuka ukuta wetu. Kwanza naishika boneti kwa kiganja, nijue ni baridi. Ndoo mbili — moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji. Naanza juu, nashuka. Upande mmoja ukiisha ndipo naugusa mwingine. Mwisho nachomoa kile kichwa cha mpira wa maji, maji yateremke taratibu kama shuka, yaondoke yenyewe. Halafu taulo. Nailaza, nainua. Sisugui. Anayesugua gari ni adui yake.

Na bado, katikati ya boneti, doa. Dogo, la kijivu, kama punje ya mtama. Nimefuta mara nne. Liko pale pale. Maji ya bomba haya yana chumvi siku hizi, nimewasema sana watu wa maji.

Jumamosi mwanangu anambeba binti wa mwalimu wangu — mwalimu yule yule wa darasa la watu wazima, aliyenishika mkono nikaandika jina langu nikiwa na miaka hamsini na nane. Kwake halitakwenda gari lenye doa. Labda mimi niwe nimezikwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeliosha tena. Kwa maji ya mvua, yale ya kwenye pipa niliyomkataza kila mtu. Maji ya mvua hayana chumvi, yanakauka bila kusema neno.

Madoa yamekuwa matatu. Na kitu kama unywele.

Jirani wa ukuta wa nyuma, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, akachungulia. "Bibi, jana si uliliosha? Au limekojoa?" Nikamwambia apite aone madoa, badala ya kuning'inia ukutani kama nguo. Akapita. Akainama, akalizunguka lote. Akasema haoni doa, anaona sura yake tu, na hiyo nayo imechoka.

Nikamwambia akapimwe macho. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nayatazama madoa.

Jumatano, 5 Machi

Siki na maji, kijiko kwa kikombe. Hiyo ndiyo dawa ya doa la chumvi. Unapangusa, unasuuza mara moja. Nilifanya hivyo. Doa halikutoka. Lilihama. Nikisogeza kichwa, na lenyewe linasogea. Nikalifuata.

Nikatia dawa ya meno. Nikatia jivu, nililichekecha kwanza. Nikasugua — mimi, niliyeandika juzi maneno yale. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi.

Nilipomwagia maji, pale mahali pakawa pamefifia, pana kama sahani, kama kioo kilichohemewa. Rangi imechubuka. Na doa liko juu yake, limetulia, linaniangalia.

Nikainua kichwa kuvuta pumzi. Mke wa mwanangu alikuwa ameanika shuka nyeupe. Doa likawa kwenye shuka. Nikatazama ukuta — liko ukutani. Nikatazama juu. Liko mbinguni.

Nikafumba jicho la kulia, liko. Nikafumba la kushoto. Mbingu safi.

Doa si la gari.

Sitaandika tena leo.

Alhamisi, 6 Machi

Dada yangu mkubwa alipofuka aliwekwa kwenye kiti kando ya mlango. Miaka kumi na moja. Alikuwa fundi wa mikeka, mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya watu. Lakini akinyanyuka tu, mtu anamwambia, "Kaa hapo, usije ukaanguka." Akishika sufuria, "Kaa hapo, utaungua." Akawa anakaa. Mwishoni alikuwa anauliza kama ni mchana.

Aliyekuwa akimwambia kaa hapo ni mimi. Niandike tu, hakuna anayesoma humu.

Kwa hiyo sikusema. Mwanangu aliporudi akaiona boneti, akasimama kama amepigwa kofi. Akauliza nani. Mimi nilikuwa nakunja taulo. Nilikunja taulo moja kwa muda mrefu sana. Akamgeukia mkewe — jana si ulifua shuka na ile dawa ya kung'arishia? Si uliipitisha ndoo hapa?

Nilingoja aseme hapana. Yeye ana mdomo huyo, tangu aingie nyumba hii sijawahi kumshinda kwa maneno. Akanitazama. Akatazama zile taulo. Akasema, "Labda ilirukia. Nisamehe."

Mwanangu akaondoka na gari bila kula, akalipeleka kwa fundi wa rangi. Fundi amelipitishia mashine. Kumebaki kivuli. Mwanangu anasema maua yatakaa pale pale, hakuna atakayeona.

Mke wa mwanangu ni fundi cherehani. Jioni, jua bado lipo, akaniletea sindano na uzi kama kila siku nimtungie, maana hilo nalo ni langu. Nikaupeleka uzi. Ukapita pembeni. Tena pembeni. Nikasema uzi wenyewe wa bei rahisi, umechanua ncha. Akauchukua, akautunga mwenyewe. Ningependa angesema kitu, nipate cha kumjibu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kumepiga radi ndani ya jicho. Hakuna mawingu, hakuna mvua. Mwanga unamulika pembeni, kama mtu anakupiga picha amejificha. Nikigeuka, hakuna mtu. Mara sita kabla ya saa nne.

Nimekwenda duka la dawa, nimejitanda vizuri, nikamwambia mwenye duka kwamba jirani yangu ana shida. Akauliza shida gani. Nikasema madoa yanayoelea, na mwanga. Akaweka kalamu chini.

"Jirani ana umri gani?"

Nikasema rika langu.

"Ameona kivuli? Kama pazia linaloshuka?"

Nikasema hapana, huyo jirani hajasema habari za pazia.

Akasema ngozi ya ndani ya jicho inaweza kuwa inabanduka, kama karatasi ya ukutani. Aende hospitali ya macho kule mji mkubwa. Leo. Mwendo wa saa tatu, na asirushwerushwe njiani. Pazia likishaanza hakuna kungoja, siku moja inaweza kuchukua jicho. Nikamwomba matone ya kununua. Akakataa kuniuzia! Anasema hakuna tone la kazi hiyo, atakuwa ananiibia. Nikiwa mlangoni akaniita, "Bibi, mwambie jirani hata lile jicho la pili lipimwe."

Nimerudi nikishika ukuta. Si kwamba sioni.

Nimepiga hesabu ya siku. Kesho gari linakwenda kwa mwalimu, saa tatu asubuhi. Nikisema leo, mwanangu ataacha kila kitu, namjua. Mwalimu atabaki na binti yake mlangoni, kwa ajili ya mwanafunzi wake. Jumatatu nitasema. Kutoka leo hadi Jumatatu ni siku ngapi? Tatu. Pazia halijashuka. Jicho limekaa na mimi miaka sitini na sita, litashindwa siku tatu?

Nimeweka mikono juu ya cherehani iliyokuwa ikishona, nisikie inavyotetemeka yenyewe, nisijue mtetemo upi ni wangu. Mke wa mwanangu aliniacha. Akaendelea kushona polepole.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia kwenye gari, kiti cha nyuma. Mistari inapanda. Sijali.

Nilipoamka pazia lilikuwepo. Kona ya chini, upande wa puani, jicho la kushoto. Jeusi. Nilifikiri ni mto. Nikasogeza mto.

Nikatoka kuosha. Ningefanya nini? Gari hili nalijua kwa viganja, kila ukingo wake. Juu, vioo, milango, buti. Maji ya mvua yaliyobaki niliyamalizia mwishoni. Nikaanza kulaza taulo na kuinua, kulaza na kuinua. Nilikuwa najisemea sehemu nilizomaliza, kama mtoto anayehesabu.

Nikasikia nyayo nyuma yangu. Mke wa mwanangu, ana taulo yake. Anafuta nyuma yangu.

Nikamwambia, "Hapo nimeshapita."

"Mlango huu umeuruka, mama."

"Sijauruka."

"Umeuruka. Na huo wa mbele nusu."

Nikaugusa. Maji. Matone mazima mazima, kama sikupita kabisa.

Akauliza, "Jicho gani?"

Nilitaka kumwambia akashone. Maneno hayo yalikuwa mdomoni tayari. Nikasikia sauti inasema la kushoto, kumbe ni yangu.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Unaona nini?"

"Madoa. Na leo pazia." Nikamwambia na ya duka la dawa. Yote, hata karatasi ya ukutani.

Akakaa chini pale pale kwenye maji, na sketi yake. Nikamwambia mumewe asijue mpaka ampeleke bibi harusi, akirudi nitapanda basi. Akasema basi la asubuhi limeshaondoka, linalofuata ni la saa nane, na hospitali Jumamosi wanapokea mpaka saa saba. Na basi lenyewe linaruka kama mbuzi. Nikasema, kama ni hivyo, Jumatatu. Akanyanyuka. "Mama, nimebeba boneti yako siku mbili, nimenyamaza. Hili la jicho silibebi."

Nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, nadhani nimemuumiza. Nikamwambia msinikalishe kwenye kiti. Sijui kwa nini nilisema hivyo badala ya mengine yote. Yeye hakumjua dada yangu.

Akaufungua mlango wa nyuma, akaniingiza, akanilaza kichwa kwenye mto anaoukalia akishona. Akasema, "Kaa hapo. Usigeuze kichwa."

Nimekaa.

Daftari nimeliomba mwenyewe. Amesema niandike bila kuinama. Nimeliegemeza kwenye goti.

Mwanangu ametoka na shati lake jeupe la kazi. Mkewe amemwambia pale kwenye ngazi. Nilimwona anakuja mbio, akasimama dirishani, akanitazama jicho kama vile ataona kitu. Akaniuliza kwa nini, mama. Mara mbili. Nilitaka kumkaripia afunge kifungo cha shati. Nikamwambia, "Mwalimu anasubiri." Akasema anajua.

Sasa yuko getini, simu sikioni, ametupa mgongo. Nasikia vipande. "Mwalimu, shikamoo." Halafu, "Hapana, gari ni zima." Kisha, "Ni mama." Amempigia pia mwenzake mwenye gari jeupe, hakupokea. Anapiga tena. Saa ya kwenye dashibodi inasema mbili na dakika ishirini na mbili. Mke wa mwanangu anaingiza chupa ya maji na koti langu, anaingiza na khanga mbili — mbili, kama tunakwenda kulala huko. Utepe na maua ya harusi yako kwenye kiti cha mbele. Hakuna aliyeyafunga kwenye boneti. Hakuna aliyeyatoa.

Pazia limepanda kidogo tangu nianze ukurasa huu. Nililipima kwa kile kioo cha mbele. Mwanzo lilikuwa chini yake. Sasa limeshika ukingo.

Jua limevuka ukuta. Limefika kwenye boneti. Upande wa kulia sikuumaliza, matone yako pale, yanakauka moja moja, yanaacha maduara. Nimefumba la kushoto, nikayatazama kwa la kulia. Hayahami. Haya ni ya kweli.

Taulo iko mapajani mwangu, bado ina umajimaji. Boneti ni hatua tatu tu kutoka hapa.

Mwanangu amekata simu. Anakuja.