Mgongo Uliopona Mapema

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo. Leo umenishika kazini, mbele za watu. Niliinama kuchukua kapu la mashati — nikabaki hukohuko chini. Siendi mbele, sirudi nyuma. Mteja amesimama kaunta na risiti yake mkononi, ananitazama. Bi Vifungo, mshonaji wetu, ndiye aliyekuja kuninyanyua, na mdomo wake umejaa pini, hata pole hakuweza kusema. Mwenye duka la dobi akauliza kama suti za harusi zitakuwa tayari saa kumi. Zilikuwa tayari. Punda afe, mzigo ufike!

Kufika nyumbani, mama mkwe amelowa. Mume wangu yupo, amekaa sebuleni na simu yake. Anasema alikuwa ananisubiri, maana mimi ndiye ninayejua kumgeuza mama. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, upande wa kushoto wa mama haufanyi kazi. Kazi ya upande huo naifanya mimi.

Nimemgeuza. Nimembadilisha. Halafu nimelia bafuni, kidogo tu, kwa sababu kulikuwa na nguo za kufua.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali. Foleni mpaka nje. Daktari amenipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba, ngozi inang'aa, mtu anayelala akashiba usingizi. Akanibonyeza tumbo, akanibonyeza mgongo. Anasema misuli ya tumbo imelala, kazi yote inafanywa na mgongo peke yake. Nikamwambia hata nyumbani kwetu ni hivyohivyo. Hakucheka.

Ameniambia nifanye Pilates. Mimi nikadhani ni vidonge! Kumbe ni mazoezi. Unalala chini, unajinyoosha polepole, unapumua kwa utaratibu. Na anasema nisiyatengee saa maalumu kama sina. Niyaingize humohumo kwenye siku yangu — nikipiga pasi, nikiosha vyombo, nikisimama foleni. Kitovu ndani, mabega chini, pumzi itoke wakati wa kutumia nguvu.

Na kumnyanyua mgonjwa je? Akaacha kuandika. Akasema hilo nisilifanye peke yangu mpaka nipone.

Laiti ukoo mzima ungekuwepo kumsikia!

Jumapili, 9 Machi

Kikao. Wifi amekuja, dada mkubwa wa mume wangu. Nyumba yake ina vyumba vitupu, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa. Mume wangu akaeleza habari za mgongo wangu. Nilikaa upande mmoja wa kiti. Sikuhitaji kuigiza chochote.

Wifi alivuta pumzi, akataja kazi zake, akataja presha yake, akataja safari zake. Mwisho akakubali. Atamchukua mama katikati ya mwezi wa nne, akishamaliza kupaka rangi chumba. "Kama hali ya wifi itakuwa bado ni hii." Kama! Hilo "kama" nimelisikia vizuri sana.

Mama alikuwa palepale kwenye kiti chake, anajadiliwa kama kabati. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Hata mimi sikumuuliza. Nilikuwa nawaza kulala mpaka jua litoke.

Jumanne, 18 Machi

Nyumba nzima haina pa kutandika mkeka isipokuwa chumbani kwa mama, kati ya kitanda chake na ukuta. Basi kila alfajiri, kabla sijamwogesha, najilaza pale. Kuna zoezi linaitwa daraja. Unalala chali, unakunja magoti, unainua kiuno polepole, na unapumua mfano wa mtu anayepoza chai. Mama ananitazama kwa juu. Leo akaniuliza, neno moja moja kama anavyosema siku hizi, "Mwanangu… unazaa?"

Nilicheka mpaka daraja likaanguka. Naye akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Kazini natoa pumzi kila ninaposukuma pasi. Mwenye dobi anataka kujua kwa nini napuliza suruali za wateja. Bi Vifungo anasema niendelee kupuliza. Nikamsimulia habari za wifi na "kama" yake. Akatoa pini mdomoni ili aseme vizuri: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kisha akazirudisha.

Nimechoka. Najiuliza kama mtu anaweza kuchoka hata usingizini. Leo niliota napiga pasi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeinama nikafunga viatu. Nikainuka. Nimefika barabarani ndipo nikagundua — hakuna kitu kilichouma.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mgongo unapona. Ndiyo, naandika hapa kwa sababu pengine popote siwezi kusema. Leo nimesimama kwenye pasi tangu kufungua mpaka kufunga, na jioni nikapanda ngazi bila kushika ukuta.

Hata kumnyanyua mama kumekuwa kitu kingine. Zamani nilikuwa namvuta tu, kama gunia. Sasa nasogea karibu naye, nakunja magoti, mkono wangu nyuma ya bega lake bovu ili lisining'inie, mkono wake mzima shingoni kwangu. "Vuta pumzi, mama. Sasa toa." Tunatoa wote wawili — na huyo, amekaa. Hata asubuhi nikiwa mkekani, yeye kitandani ameweka mkono wake mzima tumboni, anapumua pamoja nami. Sikumfundisha. Ameiba tu kwa macho.

Lakini mume wangu akipita mlangoni, najishika kiuno. Mtu mzima mimi! Najishika kiuno na kukunja uso. Anasema "Pole," halafu anapita zake.

Jioni wifi akapiga simu. Rangi imebaki kidogo. Mgongo vipi? Nikamwambia uleule, wifi, hata sijui nifanyeje. Nilipokata simu mama alikuwa ananitazama.

"Mimi… sisemi," akasema.

"Husemi nini, mama?"

"Daraja."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikakaa kitandani kwake. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama anataka kwenda kwa binti yake. Alichukua muda mrefu kutafuta neno. Nikadhani atasema ndiyo, au hapana, au kule kuna ngazi nyingi, maana kweli kuna ngazi nyingi. Akasema, "Umechoka."

Nikamwambia hilo si jibu, mama. Akafumba macho.

Jumatatu, 7 Aprili

Kwa mtaalamu. Amefurahi utadhani mgongo ni wake. Kanikunja, kaninyoosha, kanisimamisha kwa mguu mmoja. Anasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa kama mimi! Nikashukuru. Nikamwomba akitaka kunipigia simu anipigie kazini, si nyumbani. Akanitazama kidogo, akaandika namba ya kazini.

Nikamwambia jambo jingine: mgongo hauumi, lakini uchovu uko palepale. Naamka nao. Je, kuna zoezi lake? Akasema lipo, linaitwa kulala. Alikuwa anatania, masikini. Nilikaribia kumlilia pale kwenye kitanda chake cha plastiki.

Watu wanadhani nikisema nimechoka ni misuli. Misuli ni mizima sasa! Nimechoka kuwa mimi tu. Nimechoka kusikia "wewe ndiye unayejua." Nilijifunza — sikuzaliwa nikijua kumgeuza mtu. Nataka kurudi kutoka kazini siku moja nikute hakuna anayenisubiri. Nimeliandika. Simchukii mama. Nampenda hata, sijui lilianza lini. Bado nataka aende.

Jumamosi, 12 Aprili

Kesho wifi anakuja kumchukua mama. Nimepiga pasi magauni yake yote, nimeyapigia kazini kwa mashine kubwa, mpaka kola zimesimama. Bi Vifungo amebadilisha vifungo vya mbele akaweka vile vya kubonyeza, ili mama aweze kwa mkono mmoja. Nimepanga sanduku. Mume wangu anapitapita, anasema nyumba itakuwa kimya. Nikajibu ndiyo. Nilijitahidi nisijibu kwa furaha.

Alfajiri hatukufanya daraja. Nilimwogesha polepole. Nilimpaka mafuta miguu yote miwili, hata ule usiosikia.

Jumapili, 13 Aprili

Naandikia jikoni. Maji yako motoni. Wako sebuleni wote. Ngoja niandike haraka, la sivyo nitapiga kelele.

Wifi amefika baada ya chakula cha mchana, na gari, na mto mpya bado uko kwenye nailoni. Kwa haki yake, alikuja amejiandaa. Mume wangu akabeba sanduku mpaka kwenye buti. Mimi nimekaa upande mmoja wa kiti, mkono kiunoni. Wifi akaniuliza hali. Nikasema ndiyo hivyo tena. Mama yuko kwenye kiti chake, gauni la kola, anatazama mikono yake.

Ikabaki kumnyanyua. Mume wangu akasogea, wifi akamzuia. "Acha nimnyanyue mwenyewe, si ndiyo kazi yangu kuanzia leo?" Akainama na viatu vyake virefu. Akamshika mama kwapani. Kisha akaushika ule mkono wa kushoto — ule! — akauvuta kama mtu anayevuta mlango uliokwama.

Nilimwona mama. Uso wote ulikunjamana. Akabana midomo. Hakutoa sauti hata kidogo. Alikuwa amesema hatasema, na hakusema. Wifi anavuta, na bega linakwenda mahali bega halipaswi kwenda, na mama amebana midomo kwa ajili yangu.

"Sio hivyo! Mkono huo haushikwi! Toka!"

Ni mimi huyo. Nilishafika. Nilimsogeza wifi pembeni kwa nyonga kama tunagombania bomba la maji. Magoti nikakunja, mkono nyuma ya bega. "Vuta pumzi, mama. Toa." Akasimama. Wima! Sijawahi kumsimamisha vizuri vile. Tulisimama pale katikati ya sebule, mimi na yeye, tunapumua.

Wifi akanitazama kiuno, akanitazama magoti.

Halafu wifi, "Kumbe!"

Neno hilo moja tu. Kisha akacheka, akapiga makofi. Mungu mkubwa, wifi amepona! Mbona hukutuambia? Nikamtazama mume wangu. Nilidhani atakasirika kwamba nimedanganya. Angekasirika ningeshukuru. Alikuwa anatabasamu. Uso wote umelegea, kama mtu aliyeambiwa hakuna deni. Alifurahi kweli, na hakuwa anafurahia mgongo wangu.

Mama, bado ameniegemea, akasema, "Mgongo… unamuuma."

Wakacheka wote wawili. Wifi mpaka akafuta machozi. "Mama naye!" Mama akarudia. Unamuuma. Wakacheka tena, lakini kidogo.

Nikamketisha. Nikasema naenda kuchemsha chai, maana mtu lazima aseme kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Huku jikoni nawasikia. Wifi anasema ngazi za kwake kweli ni nyingi. Anasema mama ameshazoea hapa, na mgonjwa hahamishwihamishwi. Anasema atakuwa anakuja, kila akipata nafasi. Na ule mto atauacha. Mume wangu anasema sawa, dada. Sawa, dada. Hajasema "tumuulize mke wangu." Hajasema hata "tumuulize mama." Mama simsikii.

Nina hasira mpaka vidole. Nimejikasirikia mimi kwanza. Sekunde chache tu ningefumba macho! Wifi angejifunza, kama nilivyojifunza mimi, kwa kukosea. Lakini ningekosaje kuliona lile bega? Na sasa hivi, hata nikirudishwa pale, najua nitafanya vilevile, na kulijua hilo ndiko kunakonichosha zaidi ya yote.

Nimesikia buti la gari linafunguliwa. Sanduku linarudi.

Nafikiria kwenda kusema. Niseme kwamba nimepona na bado siwezi. Sijui sentensi hiyo inaanzaje. Hospitali wana jina la mgongo, wana jina la kiharusi. Hili langu nikilitaja wifi ataniuliza linauma wapi.

Chai imeshachemka, imekaribia kumwagika. Nimepanga vikombe. Mume wangu amekuja mlangoni. Ameliweka sanduku la mama chini, hapo kwenye kizingiti, anapumua kwa mdomo. Anatazama trei. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza — leo ameniuliza, kwa upole kabisa, kama nitaibeba mwenyewe au anisaidie.

"Unaweza?" anasema.

Naweza. Bado sijamjibu.