Nywele za Kabula Hazikunyolewa

Baba,

Leo tumenyoa nywele za msiba wako. Mimi nimenyolewa, wadogo zangu wamenyolewa, wajukuu wote wamenyolewa, isipokuwa Kabula wangu. Shangazi alimfuata na wembe, nikasimama mlangoni. "Mjukuu wa kwanza anamkataa babu yake?" akaniuliza mbele ya watu. Nikamjibu, kamuulize marehemu.

Nakuuliza mimi, basi.

Daftari langu ninalo hapa, lile ulilokuwa ukilicheka. Siku maksai alipomchana Kabula kichwa kwa pembe, nimeandika kwamba ulilibana jeraha kwa kiganja chako kutoka Nkololo hadi hospitali, juu ya pikipiki. Hilo silifuti. Nimeandika na ya daktari: alizungusha kipande cha ngozi ya kichwa kikafunika mfupa uliobaki wazi, akakiacha kimeshikana upande wa sikio, kwa sababu mshipa unaokipa damu unapita hapo. Alikiweka kidole changu mbele ya sikio langu mwenyewe, nikausikia ukidunda. Asifungwe kitu chochote kichwani, alisema. Ulikuwepo, Baba. Nilikueleza tena kwa Kisukuma, mara mbili.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kuchukua nguo, nikakuachia mtoto. Ukamfunga kichwani ukanda wa ngozi ya mbuzi wa tambiko, ukaukaza, ukaufunika kwa kitenge. Nesi alipopita ukamwambia mtoto anasikia baridi. Jioni nilipofunua, ile ngozi aliyoizungusha daktari ilikuwa ya bluu, ya baridi kama samaki. Nusu yake ilikufa. Madaktari waliziba kwa ngozi ya paja lake, na pale nywele hazioti.

Nililia. Ukasema, "Wewe na kidato chako cha nne, unadhani damu inasoma daftari?"

Uliishi miaka sita baada ya hapo. Hukumwomba mtoto radhi hata siku moja. Kila asubuhi anazilaza nywele za upande mmoja juu ya kovu, ndipo aende shule. Hizo ndizo ulizotaka anyolewe kwa ajili yako?

Nilimuuliza kama anataka. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kwaheri, Baba. Nywele zangu umezipata, kwa kuwa mimi ni mwanao. Kaburi lako nitalipalilia, naahidi. Lakini za Kabula zinaota pale tu ulipoacha damu ipite, na hapo hutagusa tena.

Mwanao,
Nkwimba